Taa Mpya za Sina Makuu

Jumatatu, 11 Machi 1957

Siku njema. Leo nimepata njia ya kuoa.

Mzee Mwinyimvua wa Mtaa wa Sikukuu anamwoza binti yake, Zena, Ijumaa hii, kabla Shaabani haijaisha na watu hawajaanza kufunga. Bwana harusi anakaa Magomeni. Kwa hiyo Zena atachukuliwa kwa gari baada ya isha, amefunikwa gubigubi, avuke bonde la Jangwani na kufika kwa mumewe bila kuonwa na jicho la mtu. Na atakayekaa naye kiti cha nyuma ni shangazi yake. Bi Tatu!

Bi Tatu ni dada yake Mzee Mwinyimvua. Mjane, miaka minne sasa. Anauza vitumbua karibu na soko, na kwa maumbile Mungu hakumbania. Akipita, wachukuzi wanatua mizigo. Mwaka mzima namtazama kutoka stendi ya teksi. Sijamwambia neno. Mwanamume hasemi, huonyesha.

Nikaenda kwa mzee. Nikamwamkia mara mbili, moja ya salamu na moja ya akiba. Nikajitolea gari langu, Sina Makuu, bila malipo. Akasema Abbasi naye amekwisha jitolea. Abbasi! Dereva mwenzangu pale stendi, mtu anayesema lolote linalomjia mdomoni. Mzee akasema mvua za masika zimeshaanza kunyesha, Jangwani kuna madimbwi, naye hampandishi mwanawe kwenye gari kipofu. Atakuja stendi Alhamisi jioni aone taa za nani zinaonyesha njia.

Taa za Sina Makuu hazionyeshi njia. Zinaonyesha tu kwamba kuna gari linakuja. Lakini nina siku tatu, na nina akili.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata globu! Si globu za teksi. Za lori!

Amenipa Onesphory, Mchaga mwenye ghala la mchele na maharage Mtaa wa Mchikichi. Lori lake limekufa, globu zake zimebaki kwenye boksi. Hakutaka fedha. Ametaka nimpeleke mkewe, Mama Candida, kanisani kila Jumapili mpaka Kwaresima iishe. Nikakubali haraka kabla hajafikiri vizuri.

Kuzifunga kulikuwa na ubishi kidogo. Kikalio cha globu ni kikubwa, tundu la taa ni dogo. Nikapiga tupa. Tundu likawa kubwa, globu ikacheza. Nikakata kipande cha kopo la samli, nikakipachika kama kabari. Ikatulia. Kazi safi, hata gerejini hawafanyi hivi.

Baada ya magharibi nikawasha. Lo! Jua la saa sita! Mtaa mzima ukasimama. Jamaa mmoja mwenye baiskeli, ametoka Feri na kapu la samaki, akaingia mtaroni na samaki wake wote. Taa ya kushoto ilikuwa ikitazama mlango wa duka la viatu. Ya kulia ilikuwa ikitazama dirisha la ghorofani, ambako mzee mmoja wa watu alikuwa akibadilisha kikoi. Akanitukana kwa lugha nisiyoijua, lakini nilimwelewa.

Abbasi akapita. Akasema globu mpya lazima zipangwe ukutani, la sivyo nitaua watu. Nikamwambia nalijua hilo toka zamani. Sikulijua. Nilipofika nyumbani nikatazama boksi, kumbe lina picha. Gari limeelekea ukuta, ukutani pamechorwa misalaba miwili, mmoja mbele ya kila taa, na mwanga umetua katikati ya misalaba. Ndani ya gari amekaa Mzungu mnene wa kofia. Rahisi kabisa.

Jumatano, 13 Machi

Tatizo ni ukuta. Kuta za Kariakoo zina mashimo, matangazo, au watu walioegemea. Ukuta mmoja tu ni mweupe na umenyooka, nao ni wa Mzee Mwinyimvua. Ameupaka chokaa juzi kwa ajili ya harusi.

Nikangoja magharibi, wanaume wako msikitini, wanawake wako uani wanachambua mchele. Nikaliegesha gari ng'ambo ya barabara, nikachukua mkaa, nikachora misalaba yangu miwili kwa kimo cha taa. Mizuri, minene, inaonekana mbali. Nikaanza kulegeza skrubu za taa. Wanaume wakatoka msikitini mapema kuliko nilivyotarajia.

Mzee Mwinyimvua akasimama mbele ya nyumba yake. Nyumba ya harusi. Misalaba miwili. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani. Nikasema ni ya taa. Akauliza taa za nini, za kanisa? Hapo Abbasi akajipenyeza mbele, akamwambia mzee kwamba ni kweli, hata mafundi wa magari wa mtaa wa Gerezani huchora vile wakipanga taa, ni alama tu. Mzee akapoa. Akaniamuru niupake ukuta chokaa upya kabla sijala.

Nimepaka mpaka mgongo umekufa. Bi Tatu alitoka mara moja kutazama. Alicheka tu na kurudi ndani. Nimefurahi kwamba nimemfurahisha. Lakini kuokolewa na Abbasi! Afadhali angeniacha nipigwe.

Alhamisi, 14 Machi

Ushindi! Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilihamia ukuta wa ghala la Onesphory. Nikachora misalaba. Mama Candida akatoka, akaitazama, akasema nimefanya vema sana, Kwaresima watu wa mjini wanasahau. Akakataza isifutwe. Sikumsahihisha.

Kisha nikafikiri. Kwa nini yule Mzungu wa pichani amekaa ndani ya gari, tena mnene? Kwa sababu ya uzito! Gari likilemewa nyuma, pua inainuka, taa zinatazama minazi. Likilemewa mbele, taa zinatazama chini. Kila dereva anajua. Basi taa zipangwe gari likiwa na mzigo uleule litakaobeba. Abbasi hawezi kufikiri hivi hata akila kichwa cha papa.

Abiria wangu ni watatu. Mbele, ubavuni kwangu, atakaa Bi Sabaha, somo wa bibi harusi, ambaye kazi yake ni kumfundisha Zena mambo ya unyumba na kunisema mimi. Nyuma watakaa Zena na Bi Tatu. Siwezi kuwauliza wanawake uzito wao, mimi ni mtu mwenye adabu. Nikaazima magunia kwa Onesphory. Kila gunia nikaliandika kwa mkaa jina la mwenyewe, wachukuzi wasije wakachanganya.

Zena, nusu gunia la mchele. Bi Sabaha ni mwembamba kama ufito, lakini mwaka jana alisema mbele za watu kwamba gari langu linanuka papa. Nikampa gunia zima la maharage. Wachukuzi wawili walilipandisha kiti cha mbele wakiugua.

Bi Tatu sasa. Mizani ya macho yangu ilisema gunia na nusu. Lakini nikajiuliza, je, naweza kuandika jina la mwanamke nimpendaye juu ya gunia na nusu? Ni matusi. Nikapunguza, gunia moja. Bado roho ikanisuta. Nusu. Nikalitazama lile jina zuri juu ya gunia la katani, nikaona hapana. Mwisho nikamwekea kikapu kimoja cha mchele. Nikaandika BI TATU kwa herufi za kupendeza, na nikachora ua.

Gari likainama mbele, taa zikatazama chini ya misalaba. Nikazungusha skrubu, nikazipandisha, nikazipandisha, mpaka mwanga ukakaa katikati barabara. Jioni nikaenda stendi na magunia yangu, nimeyafunika turubai. Mzee akaja. Abbasi akawasha taa zake, njano njano, zinatazama chini mbele ya gari tu. Mimi nikawasha. Barabara ikaonekana mpaka Msimbazi! Mzee akasema mashaallah. Akanipa kazi papo hapo. Abbasi atawachukua wapiga ngoma, aje nyuma yangu.

Abbasi akaniuliza nimebeba nini chini ya turubai. Nikamwambia mambo ya wataalamu.

Kesho, tukifika salama Magomeni, Bi Tatu atashuka ameshika mlango wa Sina Makuu, na mimi nitamwambia mzee haja yangu. Shati nimeshapiga pasi.

Jumamosi, 16 Machi

Tope limeingia masikioni. Nitaandika ya jana kwa ufupi, maana yananiuma.

Baada ya isha, vigelegele. Zena akatolewa, amefunikwa juu mpaka chini. Akaingia nyuma. Gari halikutikisika. Bi Sabaha akaingia mbele. Gari halikujua hata kama ameingia. Kisha akaingia Bi Tatu, karafuu na asumini, Mungu wangu! Sina Makuu likakaa chini nyuma na kuinua pua, na sikuliangalia kwa sababu nilikuwa nikimwangalia yeye.

Mjini hatukuona ubaya, taa za barabarani zipo. Tulipoteremka Jangwani ndipo nikawasha zangu. Sijapata kuona minazi vizuri namna ile. Niliona nazi moja moja. Kunguru wakaamka wakaanza kugombana. Lakini barabara sikuiona. Bi Sabaha akauliza barabara iko wapi. Nikamwambia inakuja.

Mwezi ulikuwa mpevu, hauna wingu. Bi Tatu akasema kwa upole kutoka nyuma, "Mrisho, zima hizo taa, mwezi upo." Nizime taa! Nilizozipigia tupa, nilizozipakia chokaa! Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaongeza mwendo ili anione jasiri. Dimbwi likatupokea hapo hapo.

Gari likazama mpaka kwenye vikanyagio vya milango, pua juu, taa zinamulika mbingu. Watu wa mabondeni wakaona mwanga minazini, wakatoka mbio na mapanga wakidhani moto au wezi. Walipokuta ni bibi harusi, ndio kabisa wakasogea. Mwali asiyetakiwa kuonwa, na watu hamsini dirishani! Bi Tatu akafungua mlango, akashuka kwenye maji yaliyomfika magotini, akavua kanga yake ya juu, akaitanda dirishani na kusimama hapo na mwili wake wote. Akawaambia atakayechungulia ataondoka na jicho moja. Hakuna aliyepita. Mimi nilikuwa natafuta kiatu.

Abbasi akafika nyuma yetu. Akashusha wapiga ngoma, akawaambia watembee, si mbali. Kisha akasema mbele za watu, kwa sauti kavu, "Bi Tatu, wewe mzito, njoo ukae mbele gari lisimame sawa. Bi Sabaha mwepesi, akae nyuma na mwali." Nikafumba macho. Nikangoja sauti ya kofi.

Bi Tatu akacheka! Akacheka mpaka akashikilia boneti. Zena akahamishwa chini ya kanga, Bi Tatu akapanda mbele kwenye gari la Abbasi, likakaa sawa, zile taa za njano zikatua barabarani, wakaenda. Nilimsikia akicheka mpaka walipopanda mlima wa upande wa pili. Masikini, kilikuwa kicheko cha uchungu. Sijapata kuona utovu wa adabu kama ule wa Abbasi.

Jumatatu, 18 Machi

Balaa haliji peke yake.

Magunia na kikapu nilimrudishia Onesphory Alhamisi ileile bila kufuta majina. Naye, mtu wa biashara, ameyapanga barazani ayauze. Bi Sabaha alipita Jumamosi, akaona jina lake kwenye gunia zima la maharage. Akaingia kuuliza. Onesphory akamweleza yote bila kuficha, kwamba Mrisho wa teksi alikuwa akikadiria uzito wa kina mama.

Nilidhani ameniendea kwa mganga. Kumbe! Tangu azaliwe Bi Sabaha anaitwa ufito, anaitwa njiti, mumewe wa kwanza alimwacha akisema hana kitu. Leo kuna mwanamume amemwona ni gunia zima. Ameutangazia Mtaa wa Sikukuu wote. Jana nimeletewa sahani ya chapati za maji na bakuli la samli, na salamu zake. Sikuelewa. Nikala.

Leo asubuhi Bi Tatu akaja stendi. Kwa miguu yake! Mkononi ana kile kikapu. Madereva wote wakageuka. Nikatoa kofia.

Akanionyesha jina na ua, akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu, kwa fahari. Akakitua juu ya boneti.

"Sabaha gunia, mimi kikapu," akasema. "Kwani nimekonda? Nimelala na njaa tangu mume wangu afe, ndivyo unavyowaambia watu?"

Nikamwambia nilifanya kwa heshima. Hakukasirika tena, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwaka mzima unanitazama, Mrisho. Nilidhani unaniona. Nilikuwa nangoja useme. Ungeniuliza uzito wangu ningekwambia, na ungeniuliza na lile jingine ningekujibu."

Akaondoka. Kikapu ameacha. Abbasi alikuwa pembeni anabadilisha gurudumu, hakunicheka hata kidogo. Unafiki.

Nimeyapima maneno yake mchana kutwa. Kwanza, hajapata kuzungumza nami maneno mengi kiasi kile. Pili, alikuja mwenyewe. Tatu, wanawake husema kinyume, hilo linajulikana. Mambo yanakwenda vizuri. Nitakaa kimya kidogo ili apate hamu.

Alhamisi, 21 Machi

Mzee Mwinyimvua amekuja kwangu. Nilipomwona mlangoni nikajua. Nikamtandikia mkeka mpya, nikaagiza kahawa.

Akasema amekuja kwa habari ya Bi Tatu. Nikasema naam. Akasema ameposwa. Nikasema naam, nani? Akasema Abbasi. Alikwenda Jumanne, akamwuliza Bi Tatu mwenyewe kama anamtaka, Bi Tatu akajibu anamtaka, basi, likaisha hivyo. Kwa maneno mawili matatu! Hakuna hata mpango! Wataoana mfunguo mosi, Idi ikishapita.

Niliinama kuokota kikombe ambacho hakikuanguka. Moyo uliniuma, sitaficha humu. Nilimpenda yule mwanamke, na sasa nitapita pale kwenye vitumbua kila siku ya maisha yangu. Mzee akaangalia ukutani mpaka nilipoinuka.

Kisha akasema shida iliyomleta hasa. Ni harusi ya watu wazima, haina mbwembwe, gari moja linatosha. Lakini bwana harusi hawezi kuendesha gari la kumletea mke wake mwenyewe, yeye anatakiwa akae chumbani kwake, huko huko Magomeni, amngoje. Na Abbasi amesema dereva awe Mrisho, kwa sababu taa zake ni nzuri, ni za kupangwa tu. Nikauliza Bi Tatu amesemaje. Mzee akasema alicheka, kisha akasema sawa, mradi kuwe na mwezi.

Nimekubali! Nani angekataa? Safari yote kutoka Kariakoo mpaka Magomeni, Bi Tatu kiti cha nyuma, mimi usukani, na barabara ya Jangwani inang'aa mbele yetu. Mtu akiona nuru kama ile anaweza kubadili nia kabla ya kufika. Yametokea. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nimekwenda kwa Onesphory jioni hii hii kujiandaa mapema. Misalaba bado ipo ukutani. Ameniuliza nimpimie kiasi gani safari hii. Nikakaa juu ya gunia nikafikiri sana, maana kosa likirudiwa linakuwa upumbavu. Bi Tatu alikuja stendi amekasirika, kwa nini? Kwa ajili ya kikapu. Alikishika mkononi, alikiona kilivyo kizito, akaumia. Ni mimi niliyekosa. Mwanamke wa heshima zake, na mimi nimemjazia mchele mpaka ukingoni.

Nimechagua kikapu kidogo zaidi.